Waya wa Chumba cha Nyuma

Watu walimwita Swichi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi umeme wa maghorofa, mtu wa kofia ngumu na mkanda wa bisibisi kiunoni, na mkanda huo hakuuvua hata akienda msibani. Ukitaka kumuudhi ulimwambia umeme ni kitu kidogo. Ukitaka kumfurahisha ulimuuliza swali, lolote lile, kisha ukatafuta pa kukaa, maana jibu lake lilikuwa refu. Fundi mzuri alikuwa, tusimnyime haki yake. Ila mdomo wake ulitangulia mikono yake siku zote.

Mama yake aliishi upande wa pili wa mji, kule ambako nguzo za umeme zilifika nusu ya barabara zikakomea hapo, kana kwamba waliozileta walikumbuka wameacha chungu motoni. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu. Mbele palikuwa na sebule, katikati vyumba vya mdogo wake Swichi wa kike, aliyekaa pale na mumewe na watoto, na mwisho kabisa, nyuma, chumba cha mama. Dirisha la chumba hicho lilitazamana na ukuta wa jirani kwa karibu mno hata mchana na usiku vikafanana. Mama hakutaka kukihama. Humo ndimo ilimokaa cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, chuma kitupu, na yeye alisema cherehani ikishaizoea sakafu haihamishwi. Mchana alipika katika shule ya jirani. Jioni aliwasha chemli, akaiweka karibu na kiwiko, akashona sare, mapazia na magauni ya watu wenye haraka. Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha Swichi huo umeme wake.

Mama alikuwa na tabia moja iliyojulikana mtaa mzima. Akikosea mshono, hakuurekebisha kimyakimya. Alimngoja mwenye nguo aje, akamkalisha kwenye kigoda, akachukua wembe, akamwonyesha alipokosea, kisha akafumua uzi baada ya uzi huku mwenyewe akitazama. "Nguo ya mtu hufumuliwa mbele ya mtu," alisema. Swichi alipokuwa mdogo jambo hilo lilimtia aibu. Alijiuliza mama anajianika hivyo kwa faida gani, na mteja wala asingegundua. Mama alimjibu mara moja tu kwamba akikua ataelewa. Alikua, akaota ndevu, na hakuelewa.

Basi mwaka huo Swichi akaamua kumletea mama mwanga. Alinunua paneli ya sola, betri kubwa, na balbu ndogo nyeupe za kutumia umeme wa betri.

"Umeme huu volti kumi na mbili tu, mama," alisema siku alipoteremsha vitu uani. "Hata ukiushika haukung'ati. Mimi nafunga lifti za kupandisha watu mpaka mawinguni. Hii kazi naifanya huku napiga mluzi."

"Piga mluzi, baba, lakini funga vizuri," mama akamjibu.

Akapiga mluzi kweli. Paneli ikapanda juu ya bati, betri ikakaa kwenye kona ya sebule, kati yake na paneli akapitisha waya mnene kama ipasavyo. Hapo waya mnene ukamwishia. Alikuwa amebeba kidogo, kwa dharau tu, maana nyumba ya mama aliiona ndogo na umeme wenyewe aliuona mchezo wa watoto. Angeweza kurudi mjini akaleta mwingine. Lakini ndugu walikuwa wamealikwa jioni ileile, yeye mwenyewe ndiye aliyewaalika, tena kwa mbwembwe. Mkobani mwake mlikuwa na bunda la waya mwembamba uliobaki kwenye kazi ya kufunga kengele za milango. Akaupima kwa vidole. Kwa umeme wa nguzo waya kama ule ungewasha balbu mpaka kwa jirani wa tatu, na vidole vyake vilizoea umeme wa nguzo. Moyo ulimnong'oneza kidogo. Akazidisha mluzi.

Akauvuta waya huo mwembamba kutoka sebuleni hadi nyuma kabisa, mstari mmoja, na kila kitu akakining'iniza juu yake: televisheni, feni, taa za sebuleni, taa za vyumba vya mdogo wake, taa ya ukumbini kati ya vyumba, na mwisho wa yote, balbu ya mama juu ya cherehani. Alipoziwasha moja moja mchana zote ziliwaka. Akatabasamu, akajifuta jasho, akajisifu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu karibu, akajisifu tena.

Jioni nyumba ilijaa. Majirani walikuja, shangazi walikuja, na mjomba naye akaja, kaka yake mama, dereva wa basi mstaafu ambaye sauti yake haikujua kwamba imestaafu. Mke wa Swichi alipokea wageni mlangoni. Swichi alisimama katikati ya sebule na kuinua chemli ya mama juu kama kombe.

"Hii leo tunaizika!" alitangaza. "Nikisikia mama wa fundi umeme anawasha chemli, nitajua mmenizika nikiwa hai!"

Watu wakacheka. Mama akaichukua chemli mkononi mwake taratibu. "Nitaizika mwenyewe," alisema, akaenda nayo chumbani, akaisukuma chini ya kitanda.

Swichi akabonyeza swichi. Sebule ikawa nyeupe, watoto wakapiga kelele, televisheni ikaanza kuimba, feni ikazunguka ikapeperusha vitambaa vya meza. Mjomba akapiga makofi hadi mikono ikamuwasha. Ndipo sauti ya mama ikasikika kutoka nyuma, ya upole, kama mtu anayeomba radhi:

"Baba, mbona huku kama kuna ukungu?"

Swichi akaenda, na wageni wakamfuata nyuma, kwani nani alitaka kupitwa? Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani na kipande cha sare mkononi. Juu yake balbu iliwaka rangi ya chai iliyozidi maji. Swichi alipanda juu ya kigoda, akatoa mita yake, akagusa ncha za waya. Mshale ukasimama kwenye tisa. Volti kumi na mbili zilitoka sebuleni, tisa zikafika kwa mama.

Hakuhitaji kuelezwa. Umeme wa betri ni mnyonge. Kila kitu kinachowaka njiani kinauongezea mzigo, na waya ukiwa mrefu na mwembamba, unafika mwisho umeshachoka. Ni jambo ambalo yeye mwenyewe aliwahi kuwaeleza wenzake kazini, akiwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, kwa majivuno. Damu ilimpanda usoni hadi masikio yakawaka.

"Vipi, mjomba, kuna tatizo?" mjomba akauliza kutoka mlangoni, na vichwa vyote nyuma yake vikanyanyuka.

Hapa ndipo Swichi alipokuwa na nafasi. Maneno matatu tu yalitosha: nimeweka waya mwembamba. Angechekwa kidogo, kesho angeleta mnene, mambo yakaisha. Lakini aliziona nyuso zile, akaikumbuka chemli aliyoinua kama kombe, na mkono wake ukairudisha mita mfukoni kabla hajaamua.

"Hakuna tatizo," akasema. "Umeme uko sawasawa. Ni macho ya mama. Kwa umri huo macho ya jioni ndiyo hutangulia kuisha."

"Hayo ndiyo maneno!" mjomba akanguruma. "Hata mimi, dada yangu, juzi nimemsalimia mbuzi nikidhani ni mama mchungaji!"

Kicheko kilichopigwa hapo kilitikisa bati. Mama naye akacheka. Akaitazama ile sare, akaisogeza karibu na uso, akaiweka chini. "Kumbe ni mimi," alisema. "Samahani, baba. Nimekuharibia shughuli bure."

Yeye ndiye aliyeomba samahani. Swichi alikula chakula cha wageni jioni ile kama anatafuna karatasi.

Alijiahidi kwamba Jumamosi atakuja na waya mnene, atabadilisha kimyakimya, na mama atasema macho yamepata nafuu. Jumamosi ikaja na kazi ya ghorofa. Iliyofuata ikaja na mvua. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa wa Swichi ulikuwa wa aina mbaya zaidi, kwa sababu kila alipochelewa kuuziba ilimlazimu aeleze pia kwa nini amechelewa. Kwenda na waya mnene kulikuwa sawa na kwenda na ushahidi. Mdogo wake angeuliza, shemeji angeuliza. Akaona bora asiende kabisa. Akawa anapiga simu.

Simu nazo zikawa mateso.

"Macho yananishangaza," mama alimwambia siku moja. "Alfajiri, wenzangu wakiwa bado wamelala, naona vizuri kabisa, natia uzi bila shida. Jioni hawa wakishawasha televisheni na feni, basi, macho yanachoka palepale. Labda ni kelele?"

Swichi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ghorofa, kofia ngumu kichwani, na aliielewa kila sentensi vizuri kuliko aliyeisema. Televisheni ikizimwa, mzigo hupungua, umeme unafika. Mama alikuwa amempimia ule waya vizuri kuliko mita. "Inawezekana ni kelele," alisema, na baada ya kukata simu alibaki ameegemea ukuta mbichi wa saruji hadi msimamizi akamwita kwa jina.

Ili kujituliza akamnunulia mama miwani kando ya barabara, pale inapopangwa juu ya kitambaa na mtu anajaribu moja baada ya nyingine. Akampelekea kwa mkono wa mkewe. Mke akarudi anacheka. Mama alikuwa ameivaa, akatazama kulia na kushoto, akashukuru sana, kisha akasema: "Nzuri. Giza ni lilelile, ila sasa naliona kubwa zaidi." Mke alisimulia hayo mara mbili kwa kupendezwa nayo. Swichi alitoka nje akajifanya anakagua tairi la pikipiki.

Hata hivyo, si lazima nimtetee na si lazima nimsulubu. Alikuwa anampenda mama yake. Kila jioni alipowasha taa chumbani mwake alimkumbuka. Lakini kumkumbuka mtu gizani wakati wewe unao waya mkononi hakumsaidii kitu huyo mtu.

Habari ya gauni ndiyo iliyofuata. Mdogo wake ndiye aliyempigia. Mama alikuwa ameshona gauni la binti wa jirani, na mshono wa ubavuni ukaenda kombo kutoka kwapani hadi kiunoni. Binti alipokuja jioni kulichukua, mama alimkalisha kwenye kigoda, akachukua wembe, akaanza kufumua mbele yake kama desturi. Akashindwa kuona uzi. Wembe ukapita kwenye kitambaa. Mama alikaa na lile gauni lililochanika mapajani, akamwambia binti wa watu: "Nisamehe, mwanangu. Macho yangu yamekwisha. Sishoni tena nguo ya mtu."

"Analia?" Swichi aliuliza.

"Halii," mdogo wake alisema. "Bora angelia. Anafagia."

Siku ya mapumziko iliyofuata, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya nyumba aliyopanga Swichi mjini. Juu yake kulikuwa na cherehani, miguu yake ya chuma imefungwa kamba, meza yake imefunikwa shuka. Mbele, kando ya dereva, alikaa mama na miwani yake ya barabarani.

"Nimemletea mkwe wangu," alisema aliposhuka. "Cherehani haikai bure, inaota kutu. Mimi nimeshona vya kutosha. Mwenye macho ashone."

Mke wa Swichi alishangilia, akamkumbatia, akalia kidogo. Siku nyingi alitamani kujifunza. Swichi na dereva waliibeba ndani, na kumbe ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka utotoni, wakati alipokuwa anakaa chini yake na kusikiliza miguu ya mama ikikanyaga. Waliitua sebuleni kwake, chini ya taa. Alama za viatu vya mama zilionekana kwenye chuma cha kukanyagia, mahali rangi ilipolika ikawa nyeupe. Alitaka kusema. Mdomo, ule uliojua kujibu hata asiloulizwa, ukamuuliza dereva nauli ni kiasi gani.

Mama hakuwa mtu wa kuacha kitu bila maelekezo. Jioni hiyo, baada ya kula, alivuta kigoda karibu na cherehani na kumkalisha mkwe wake. Alimwonyesha pa kutia mafuta. Alimwonyesha kibati cha uzi wa chini kinavyoingia. Swichi alikaa pembeni na gazeti alilolishika bila kugeuza ukurasa. Taa ya sebuleni, umeme wa nguzo wenye nguvu zake zote, ilimwagika juu ya vichwa vya wanawake wale wawili.

"Sasa tia uzi kwenye sindano," mama alisema.

Mke alijaribu. Alilowesha uzi kwa ulimi, akausokota, akajaribu tena, ukapinda, ukakataa. "Mama, hili tundu limefungwa!"

"Halijafungwa. Una papara tu. Lete."

Mama alisogea. Akavua miwani, kwa mazoea ya mtu anayeanza kazi, akaiweka mezani. Akashika ncha ya uzi kwa vidole viwili na kuipeleka kwenye sindano.

Uzi ukapita mara ya kwanza.

Mke alicheka akapiga makofi. "Ona! Na wewe unasema huoni!"

Mama hakucheka. Aliutazama uzi ule uliotokeza upande wa pili wa sindano. Akauchomoa. Akautia tena, ukapita tena. Kisha akainua uso pole pole, akaitazama taa ya sebuleni, akaitazama kwa muda mrefu hata machozi ya mwanga yakamlenga. Halafu akageuka akamtazama mwanawe aliye nyuma ya gazeti.

"Baba," alisema, "taa yangu ina nini?"

Gazeti lilishuka lenyewe. "Waya," alisema. "Niliweka waya mwembamba. Umeme unaishia njiani. Ukifika kwako umechoka."

"Ulijua lini?"

Hapa palikuwa na uongo mwingine, tayari, mtamu, karibu na ulimi. Angesema jana. Angesema leo. Njia ya mwongo fupi, lakini Swichi aliona hii yake imekuwa ndefu mno, na mwisho wake umekaa mbele yake na uzi mkononi.

"Siku ileile, mama. Nilipopanda kwenye kigoda. Mita iliniambia."

Mkewe aliweka mkono mdomoni. Mama aliuzungusha uzi kidoleni. Hakupandisha sauti, maana hakuwa na kawaida hiyo, na Swichi angeshukuru sana kama angeipandisha.

"Waya mwembamba ningekusamehe palepale," alisema mwishoni. "Mtu hukosea. Mimi nimekosea nguo ngapi? Lakini uliwaambia watu ni macho yangu. Mimi nikaamini. Nimekuwa nikilala nikijizoeza upofu, baba. Nimekuwa nikihesabu kwa vidole njia ya kwenda jikoni, ili giza likifika nisiwe mzigo."

"Mama, nisamehe. Kesho alfajiri nakwenda kubadilisha. Nitaleta waya mnene, nitavuta mstari wako peke yake kutoka kwenye betri, mtu hata hatajua."

Mara tu aliposema hivyo akasikia alichosema.

Mama alikunja miwani, mkono mmoja, na mwingine, akamwekea juu ya gazeti. "Nguo ya mtu hufumuliwa wapi?" aliuliza.

Swichi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na mkanda wa bisibisi, akajibu kama alivyojibu alipokuwa anafika usawa wa meza ya cherehani. "Mbele ya mtu."

"Basi."

Jumapili iliyofuata walikuja watu walewale. Aliwaalika yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na safari hii hakusema sababu. Walidhani ni sherehe nyingine. Binti wa gauni alikuja. Mjomba alikuja na shati jipya. Mke wa Swichi alikuja na gari la mizigo na cherehani juu yake, hakumwuliza mumewe wala mama mkwe, na mama alipofungua mdomo akamwahi: "Mama, nimeleta tu ipumzike kwake. Mimi nitakuja kujifunzia hapa." Wakaitua katika chumba cha nyuma, miguu yake ikaingia kwenye alama zake sakafuni.

Swichi alipanda ngazi ukumbini, mbele ya macho yote. Feni ilizunguka, televisheni iliimba, na mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi ili kila mtu aone ile balbu ya rangi ya chai. Akaanza kung'oa waya. Aling'oa misumari yake midogo mmoja mmoja, na waya mwembamba ukaanguka chini, ukalegea miguuni pa wageni.

"Vipi, mjomba, kuna tatizo?" mjomba aliuliza.

Swichi alishika ngazi. "Lipo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaikohoa, akaanza upya. "Lipo, mjomba. Tangu siku ile. Macho ya mama ni mazima. Mimi ndiye niliyeweka waya mbaya, nikapima, nikaona, nikajua. Niliogopa mtanicheka, nikasingizia macho yake."

Televisheni ilikuwa imezimika kwa kung'olewa waya, kwa hiyo kila mtu alisikia. Hakuna aliyecheka. Hilo hakulitegemea. Siku ile alificha kosa lake kwa kuogopa kicheko, na sasa angetoa chochote mtu mmoja tu acheke. Mjomba alianza kuchunguza kifungo cha shati lake jipya. Shangazi mmoja alisema "ah," kidogo sana. Binti wa gauni alimtazama mama, kisha akainamisha kichwa kama aliyekosa yeye.

Hakuna aliyeondoka. Walikaa wakimtazama akifanya kazi, naye alifanya kazi bila mluzi. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, mstari mmoja wa nyumba nzima na mwingine wa mama peke yake, akaufunga huu wa mama vizuri, akaupima. Mshale ulisimama karibu kabisa na kumi na mbili. Akamwonyesha mjomba, maana mita aliyoificha siku ile ilipaswa kuonekana na mtu. Mjomba akaitikia kwa kichwa bila kuelewa namba, akamgusa bega.

Aliwasha. Chumba cha nyuma kikawa cheupe hadi kona zake. Vumbi lilionekana juu ya kabati, na nyufa za ukuta ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mama aliingia akaketi kwenye cherehani. Alimwita binti wa jirani kwa mkono, akamkalisha kwenye kigoda, akachukua lile gauni lililochanika na kiraka alichokuwa amekitunza, akaanza kukanyaga. Wageni walijaa mlangoni wakasikiliza cherehani ikikimbia. Baadaye, mmoja mmoja, wakaaga.

Jioni ilipoingia Swichi alikuja kuchukua ngazi yake. Mama alikuwa bado anashona, kichwa kimeinama, uzi unapita pale anapoutaka. Balbu iliwaka juu yake vizuri kabisa. Na mezani, karibu na kiwiko chake, chemli ilikuwa imewashwa, kioo chake kimesuguliwa, mafuta yamejaa.

Swichi alisimama. "Mama, mwanga hautoshi?"

"Unatosha," mama alisema. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akautazama. "Taa yako nzuri, baba. Ila hii iache hapohapo."

Akaiacha. Akatoka ukumbini, akapiga magoti, akaanza kukunja ule waya mwembamba uliobaki sakafuni.